Kitufe cha kurudisha hela kitatuumiza kuliko namba iliyokosewa

Zikifika tarehe za mishahara, Dodoma hutuma hela. Mji umejaa watumishi waliohamia na wizara zao, kwao ni Bukoba, Songea na Tarime, na mshahara ukisoma tu simu zinatoka mifukoni: ada ya mtoto, dawa za mzee, mchango wa harusi, kodi ya nyumba. Zamani kidogo safari ya hela hiyo ilipitia kwa wakala. Unatoa benki, unaweka kwenye laini, unatuma, na kila kituo kinakula chake. Siku hizi safari inaanza na kuishia kwenye programu ya benki, na hela inatua kwenye akaunti ya benki nyingine au kwenye laini ya mtandao wowote kabla hujarudisha simu mfukoni. Pamoja na kasi hiyo limekuja dai jipya, unalisikia kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye foleni za benki: mteja akisema amekosea kutuma, benki ilazimishwe kurudisha hela papo hapo, kama ilivyoituma. Dai hilo lina huruma, ila limepiga mlango usio wake. Hela iliyokwisha kufika inapaswa kubaki ilipofika mpaka mwenye akaunti aridhie au chombo cha sheria kiseme. Palipo pabovu ni kwingine: ni ile skrini inayokuja kabla hujaweka namba ya siri, na zile dakika ambazo muamala unasomeka "unashughulikiwa" bila mtu kukwambia hela iko wapi.

Mazoea yetu ya kutuma hela kwa simu yalijengwa na mitandao ya simu, tangu M-Pesa ilipoingia nchini Aprili 2008. Wakati huo kuhamisha hela kutoka benki moja kwenda nyingine kulikuwa na utaratibu mzito: mfumo wa TISS wa Benki Kuu, ulioanza mwaka 2004, uliwahudumia zaidi wenye malipo makubwa, na mtu wa kawaida alijaza fomu kaunta na kuambiwa asubiri. Kwa hiyo watu walijifunza tabia ya hela ya simu ndani ya mtandao mmoja, ambako anayetuma na anayepokea wote wako kwenye daftari la kampuni moja. Ukikosea namba, kampuni inaziona pande zote mbili, inaweza kuizuia hela kabla haijatolewa, na baadhi ya mitandao imeweka menyu ya mteja kuomba mwenyewe muamala urudi, mradi aliyepokea hajaigusa. Huko ndiko lilikozaliwa wazo kwamba kurudisha ni suala la kubonyeza.

Programu ya benki haifanyi kazi hivyo. Tangu mwaka 2021 Benki Kuu, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa mjini, imekuwa ikiziunganisha benki na mitandao ya simu kwenye mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS. Unapochagua "benki nyingine" au "mitandao ya simu" na kuandika namba, benki yako inauliza kupitia mfumo: namba hii ni ya nani? Taasisi ya mpokeaji inajibu kwa jina, na jina hilo ndilo unaloliona. Ukiweka namba ya siri, benki yako inakata salio lako na kupeleka agizo, upande wa pili unalikubali, unamwongezea mteja wake, kisha unarudisha jibu kwamba imepokelewa. Madai ya taasisi kwa taasisi yanamalizwa kwenye vitabu vya Benki Kuu. Hapo kuna madaftari mawili ya taasisi mbili, na kati yao msuluhishi. Benki yako ikishapata lile jibu la mwisho, haina tena mkono unaofika kwenye hela ile. Imeingia kwenye daftari la mwingine, ni mali ya mteja wa mwingine, na kuiondoa kule kunahitaji taasisi ile iamue kumkata mteja wake kwa maneno ya mtu isiyemjua.

Wanaotaka kitufe wana hoja mbili nzito. Ya kwanza, kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kila akaunti ina mwenyewe anayejulikana, kwa hiyo aliyepokea hawezi kujificha. Ya pili, wakati ndio kila kitu. Mtu aliyepokea laki tano asizozitarajia anaweza kuzitoa kwa wakala ndani ya dakika kumi, na barua za benki kwa benki hazishindani na hilo. Zote mbili ni za kweli. Lakini zinamtazama mtu mmoja tu katika muamala, yule aliyetuma, na zinamchukulia kuwa daima anasema kweli.

Mgeukie mpokeaji. Soko la nafaka la Kibaigwa, Kongwa, linaishi kwa malipo ya mbali: mnunuzi yuko Dar es Salaam au Arusha, dalali yuko sokoni, mahindi yako chini ya turubai. Tuseme ni magunia 40 ya kilo 100, kwa shilingi 80,000 gunia. Mnunuzi anatuma 3,200,000 kutoka kwenye programu ya benki yake. Muuzaji anafungua akaunti, anaona salio limepanda, anawaambia vijana wapakie. Saa mbili baadaye lori limeshapita Gairo. Sasa mpe mnunuzi huyo haki ya kupiga simu benki na kusema "samahani, nilikosea namba", hela irudi kwanza, maswali baadaye. Muuzaji ana nini mkononi? Ana meseji ya kupokea na meseji ya kukatwa. Sheria ya namna hiyo ikipita leo, kufikia msimu wa mavuno unaofuata hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayeachia gunia kwa hela ya simu, atataka noti, na noti za milioni tatu zitarudi kusafiri kwenye mabasi zikiwa zimefungwa kiunoni. Ukomo wa malipo, yaani hela ikishafika haitenguliwi, ndio unaompa muuzaji wa mahindi, fundi wa aluminiamu wa Nkuhungu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Sabasaba ujasiri wa kutoa mzigo kwa mtu wasiyemwona.

Sheria nayo imelipanga jambo hili kwa akili kuliko tunavyoisifu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inalinda ukomo wa malipo kwenye mifumo, ili taasisi moja isiamke asubuhi na kutengua kilichokwisha kukamilishwa jana. Wakati huohuo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Ni mambo mawili tofauti, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuyachanganya. Muamala umekamilika, ndiyo. Hela bado unadai, ndiyo. Unamdai aliyepokea, hudai mfumo. Na benki ikikataa kukutajia namba yake ya simu au anakoishi, haimkingii mwizi kifua; inabanwa na wajibu wa kutunza siri za wateja, na pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa hiyo ukikosea, linalowezekana ni hili, na kasi yake inategemea wewe. Piga huduma kwa wateja ya benki yako mara moja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au ndani ya programu, usiitafute mtandaoni, maana namba za "huduma kwa wateja" zinazoelea kwenye mitandao ya kijamii nyingi ni za matapeli. Uwe na vitu vitano: namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe na saa, kiasi, namba uliyoikusudia, na namba uliyoiandika. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazobeba kesi, kwa sababu zikipishana tarakimu moja, au tarakimu mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, kosa linajieleza lenyewe. Benki yako itawasiliana na taasisi ya mpokeaji, nayo itamtafuta mteja wake. Akikubali, hela inarudi. Akikataa au asipopatikana, njia ni polisi na mahakama. Kwa laki moja na nusu wengi huishia kusamehe. Huo ndio uchungu wa mambo haya, na kuukataa ni kudanganya.

Ila makosa ya tarakimu ni sehemu ndogo ya maudhi ya kila siku. Kubwa ni muamala unaoning'inia. Umetuma laki mbili, salio limekatwa, upande wa pili hawajaona kitu, na skrini imeandika "ombi lako linashughulikiwa". Kilichotokea mara nyingi ni hiki: agizo limekwenda, jibu halikurudi kwa wakati. Ni kama kumpigia mtu simu, akakusikia, kisha laini ikakatika kabla hajakujibu. Hujui kama amesikia. Benki yako nayo haijui, na ndiyo maana haikurudishii hela hapohapo: ikirudisha, kisha ikaonekana upande wa pili ulishaingiza, hela imelipwa mara mbili. Lazima pande mbili zilinganishe kumbukumbu zao. Wakati huo mteja, ambaye mgonjwa wake yuko dirishani hospitali, anafanya linaloeleweka kabisa kibinadamu: anatuma tena. Jioni zote mbili zinafika. Sasa ana dai la kurudishiwa, na tunasema amekosea, ilhali namba ilikuwa sahihi na kosa lilianzia kwenye sentensi moja ya skrini isiyomwambia lolote.

Mteja ajikinge vipi hapo? Asitazame meseji, atazame taarifa fupi ya akaunti ndani ya programu. Ikiwa hela imekatwa na haijarudi, muamala bado uko hai na kutuma tena ni kamari. Kama dharura haisubiri, heri alipe kwa njia nyingine kabisa na kwa kiasi ambacho anaweza kuvumilia kikienda mara mbili. Na aliyepokea ana kazi yake pia: picha ya skrini si malipo. Inahaririwa kwa dakika mbili. Meseji ya kupokea inaweza kuandikwa na mtu yeyote kwa maneno yaleyale ya benki, ikija kutoka namba ya kawaida. Salio ndilo linalosema.

Tuje kwenye jina, maana hapa ndipo benki zina deni kubwa zaidi. Jina ndilo breki pekee iliyobaki. Karani wa kaunta alikuwa akikuuliza "unamtumia nani?" na kukukodolea macho; siku hizi anayekuuliza ni mstari mmoja wa herufi ndogo, mara nyingi kwenye skrini ileile yenye kisanduku cha namba ya siri, na jicho la mtu linakimbilia kisanduku. Baadhi huonyesha jina nusu likiwa limefichwa kwa nyota, unabaki kukisia kama yule "J*" ni Juma au ni Joyce. Kwa mwenye kitochi anayetumia menyu ya nyota na reli ni vibaya zaidi, kwani akisita kidogo kumuuliza mwenzake, kikao kinakatika na anaanza upya. Tunawafundisha watu kwamba kufikiri kuna gharama.

Halafu kuna desturi yetu wenyewe. Wangapi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina lao? Bibi wa Mvumi laini yake ni ya mjukuu. Kijana aliyekuwa hana kitambulisho cha taifa alisajiliwa na shemeji. Kwa hiyo tumezoea kusikia "jina litakuja la fulani, usishtuke", na tunabonyeza. Sentensi hiyohiyo ndiyo mtaji wa tapeli: "ile hela tuma kwa namba hii, jina litakuja…" Tazama biashara ya kupanga nyumba hapa mjini. Mtumishi amehamishiwa Mtumba, ana wiki moja ya kupata chumba, dalali amemwonyesha nyumba nzuri Ilazo, mwenye nyumba "yuko safarini" na anataka kodi ya miezi sita leo, maana kuna mwingine anaitaka. Namba inatolewa, jina linalokuja ni la mwanamke ilhali aliyetajwa ni mzee wa kiume. "Ni mke wangu." Inatumwa 1,500,000 kwa sekunde nne. Mfumo haukukosea hata nukta: hela ilikwenda kwenye namba iliyoandikwa, kwa jina lililoonyeshwa, kwa idhini ya mwenye akaunti. Kitufe cha kurudisha kisingemsaidia huyu pia, kwani anagundua siku tatu baadaye akiwa na godoro mlangoni. Na ule ushauri wa kutuma elfu moja kwanza ya majaribio, ambao ni mzuri sana dhidi ya tarakimu iliyokosewa, hapa haufui dafu. Tapeli ataipokea elfu moja hiyo na kukushukuru.

Kuna kosa jingine la jina ambalo watu hawalijui chanzo. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake. Namba iliyoanza maisha kwenye mtandao mmoja inaweza leo kuwa kwenye mwingine, na pochi yake ya hela ipo huko iliko sasa. Programu nyingi za benki bado zinakutaka uchague mtandao mwenyewe, nawe unachagua kwa kutazama tarakimu tatu za mwanzo. Jina haliji, unadhani mtandao unasumbua, unarudia. Muulize kwanza mwenye namba yuko mtandao gani.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu hutoka upande wa pili, kwa watetezi wa benki: kwamba wateja hawasomi, tatizo ni uelewa mdogo, dawa ni elimu kwa umma. Mama anayeuza zabibu pale Majengo akipewa elfu kumi anaishika, anaipindua, anaiinua kwenye mwanga, anahesabu chenji mara mbili na kumwita aliyemlipa kama imepungua jero. Mtu huyo si mzembe wa hela. Noti ameizoea na imetengenezwa ili ikaguliwe, ina alama za kushika na za kuona. Skrini ya benki imetengenezwa ili ipitwe haraka. Ukimwekea mtu mwangalifu chombo kisichokaguliwa kisha ukamlaumu kwa kutokagua, umemwonea. Na semina za elimu, kusema kweli, ni njia rahisi ya benki kutumia bajeti ya matangazo bila kugusa programu yake.

Kwa nini basi, ukiacha dai hili jipya la kurudisha, kelele nyingi zimekuwa kwenye gharama za kutuma? Kwa sababu historia iko karibu. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikagusa na miamala ya benki, kisha kuanzia Oktoba 1, 2022 sehemu yake ikafutwa, ikiwemo ya kuhamisha kati ya benki na simu. Watu waliumia na wakajifunza kupiga hesabu ya makato kabla ya kutuma, na hesabu hiyo ni halali: ukituma kwenye laini, kumbuka kuongeza ya kutolea, ukituma akaunti kwa akaunti, muulize anayepokea kama karibu naye kuna wakala wa benki hiyo. Lakini tofauti ya makato ni mamia ya shilingi au elfu chache. Muamala mmoja uliopotea unameza makato ya miaka.

Badala ya kitufe cha kurudisha, kuna kitu kinachofanana nacho kwa mbali ambacho kingefaa: kuchelewesha kabla ya kutoka, kwa hiari ya anayetuma. Mpokeaji mpya kabisa, kiasi kinachozidi kiwango ulichojiwekea mwenyewe, basi hela ikae kwako dakika thelathini ikiwa na jina la mpokeaji limeandikwa kubwa, na unaweza kughairi. Muuzaji wa Kibaigwa haumii, kwa kuwa kwake hela bado haijasoma na hapakii. Ikisoma, imesoma. Skrini ya jina isimame peke yake, jina kamili na taasisi, ukurasa mzima, bila kisanduku cha namba ya siri. Na programu ikigundua unatuma kiasi kilekile kwa namba ileile ilhali muamala wa kwanza bado unaning'inia, ikuzuie na kukwambia sababu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji sheria mpya.

Kuzuia hela kwa muda kwa upande wa mpokeaji, pale anayelalamika anapowahi, ni jambo gumu zaidi na nisingelipitisha bila masharti. Kizuizi kirefu ni kurudisha kwa mlango wa nyuma. Mnunuzi wetu wa mahindi atakitumia vilevile. Kingekuwa cha saa chache, kwa hela ambayo bado ipo, kwa malalamiko yaliyoandikwa na kusainiwa, na anayetoa taarifa ya uongo awajibike. Hata hivyo, mpokeaji aelezwe mara moja kwamba kuna kizuizi na kwa nini, asije akagundua akiwa kwa wakala.

Sehemu iliyobaki ni ya msimamizi. Benki Kuu ingeweza kutangaza kila robo mwaka, taasisi kwa taasisi, ni miamala mingapi ilining'inia na ilichukua saa ngapi kujulikana mwisho wake, ili mtu anayechagua benki ya kupitishia mshahara aone benki ipi inakuacha gizani kwa dakika tano na ipi kwa siku mbili. Takwimu hizo hazihitaji utafiti, kwani kila agizo linaloingia kwenye mfumo linaingia na saa yake, na jibu linatoka na saa yake.